Dawa ya Majani na Maradhi ya Tumbo: Ni Nani Aliyeipima?

Ni nadra kuiona kambi ya askari au laini ya polisi nchini Uganda isiyokuwa na mti wa mululuza kando ya ua, karibu na kamba za kuanikia nguo. Aliyeupanda aghalabu hajulikani. Alikwisha hamishwa zamani kwenda kikosi kingine, nyumba ikapokewa na jamaa wengine, nao wakaukuta mti na kuurithi pamoja na desturi zake. Mtoto akiumwa na tumbo, mama hutoka nje, huchuma konzi ya majani, huyafikicha ndani ya maji, na kikombe cha kijani kilicho kichungu kama nyongo huletwa kitandani. Jirani na mululuza huwapo mujaaja, ule mmea wa harufu nzuri wa jamii ya mrehani, ambao hutiwa katika chai ya mwenye gesi. Na mpera, ambao majani yake machanga hutafunwa na mwenye kuendesha. Na mpapai, ambao mbegu zake humezwa na mwenye minyoo. Na mshubiri, ambao Waganda huuita kigagi.

Bustani hiyo ni duka la dawa lisilofungwa usiku, tena halidai fedha mwisho wa mwezi, wakati mshahara umekwisha na unga unahesabiwa kwa vikombe. Haifai kuidharau. Watu waliotoka katika makabila mbalimbali, wakakutana kambini na kusikilizana kwa Kiswahili, wamebadilishana majani kama walivyobadilishana mapishi: mke aliyetoka Gulu amejifunza kwa mke aliyetoka Masaka, na wote wawili wamemfunza yule aliyetoka Arua. Hata hivyo duka lenyewe halina mwuzaji aliyesomea kazi hiyo, dawa zake hazina kipimo, wala hakuna aandikaye ni nani aliyekunywa nini na baadaye akawaje. Mtu akiuliza, "Dawa hii ilipimwa na nani?" hujibiwa kwamba ilipimwa na wazee.

Jibu hilo lina kweli ndani yake, na kweli hiyo yafaa ipewe haki yake. Wazee walipima. Jani lililomwua mtu kabla ya jua kutua liliachwa, na jina lake likatolewa kama onyo kwa watoto wachungao mbuzi. Mzizi uliomtapisha kila aliyeunywa ulijulikana kuwa ni wa kutapisha, ukawekwa kwa kazi hiyo. Lakini yapo mambo mawili ambayo macho ya mzee, hata awe na hekima ya namna gani, hayakuweza kuyaona. La kwanza ni dhara lijalo polepole, kwa maana ini lililoharibika kwa muda wa miezi halionyeshi alama iliyoandikwa jina la jani. La pili ni gumu zaidi, nalo ni mgonjwa ambaye angepona hata kama asingepewa kitu chochote.

Hapo ndipo tumbo linapowadanganya wengi. Kuendesha, kwa mtu mzima mwenye afya, aghalabu hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Siku ya kwanza askari hungoja. Siku ya pili huona haya kuomba ruhusa kwa afande kwa ajili ya choo. Siku ya tatu, maradhi yakiwa yamefika kileleni, ndipo anywapo kikombe cha mululuza. Siku ya nne amepona. Ni nani atakayemshawishi kwamba siyo mululuza iliyomponya? Na huenda kweli ndiyo iliyomponya. Taabu ni kwamba mwenzake wa chumba cha pili, aliyekunywa maji ya moto matupu, naye amepona siku ile ile, lakini hakuna aliyemwuliza, maana aliyepona bila dawa hana habari ya kusimulia. Kiungulia, gesi, msokoto, hata maumivu ya vidonda vya tumbo, huja na kuondoka kama mvua za vuli. Hayapo maradhi mepesi kuisifu dawa kuliko maradhi ya tumbo. Huisifu iliyo njema na isiyo na kazi yo yote kwa sauti moja.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawaridhiki na kuhesabu waliopona. Hutafuta wagonjwa waliolingana, wakawagawa makundi mawili, na walio bora kati ya watafiti huwagawa kwa kura ili mkono wa mtu usichague. Kundi moja hupewa dawa yenyewe, na jingine hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, au hupewa dawa iliyokwisha julikana. Kisha makundi hayo hulinganishwa. Mfano wa jambo hili ulionekana Nigeria, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, tena kwa kitu kitupwacho kila siku katika jaa la kambi, nacho ni mbegu za papai. Watoto 60 waliokutwa na minyoo na vijidudu vingine vya utumbo, ingawa hawakuwa wakiugua waziwazi, waligawanywa. Watoto 30 walipewa mililita 20 za mchanganyiko wa asali na mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Wengine 30 walipewa asali tupu kwa kiasi kile kile. Baada ya siku 7 vinyesi vyao vilipimwa tena. Katika kundi la mbegu, watoto 23 hawakuonekana tena kuwa na vijidudu. Katika kundi la asali, 5.

Msomaji na aitazame hiyo 5 kabla ya kuifurahia hiyo 23. Kama watafiti wangewapa watoto wote mbegu za papai, kila aliyetakasika angeandikwa kuwa ameponywa na papai. Asali tupu imeonyesha kwamba wapo ambao wangetakasika vilevile, ama kwa asali, ama kwa mwili wao wenyewe, ama kwa sababu kipimo cha kinyesi siku hiyo hakikuwaona wadudu waliokuwapo. Tofauti baina ya 23 na 5 ni kubwa mno kuwa bahati. Mbegu za papai zina kazi. Walakini watoto 60 ni wachache, siku 7 ni chache, na mbegu zile zilikaushwa, zikasagwa, zikapimwa. Mama ambaye humpa mwanawe kiganja cha mbegu mbichi hajalirudia jaribio la Nigeria. Amefanya jaribio lake mwenyewe, na mtoto wake ndiye kundi zima.

Mpera nao umepata kupimwa kwa watu. Nchini Mexico, ambako majani yake yametumika tangu zamani kwa msokoto na kuendesha, watafiti walichapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio la watu wazima 50 waliokuwa na maradhi ya kuhara. Majani hayakutafunwa. Yalitengenezwa kuwa vidonge vya miligramu 500, kila kidonge kikiwa na kiasi kile kile cha kemikali iliyoaminika kuwa ndiyo itulizayo misuli ya utumbo, vikamezwa kila baada ya saa 8 kwa muda wa siku 3. Waliovimeza walipungukiwa na muda wa maumivu ya tumbo. Hayo ndiyo yaliyoonekana, nayo si madogo kwa mtu ajikunjaye kitandani. Lakini kutuliza msokoto ni jambo moja na kumwua kijidudu ni jambo jingine. Mtu aharaye damu, akatafuna majani ya mpera na msokoto ukapoa, aweza kurudi lindoni akidhani amepona, na huku maradhi yanaendelea kuutoboa utumbo wake kimya kimya.

Na mululuza wenyewe? Habari zake nzuri kuliko zote zatoka ng'ambo ya mpaka wa kusini, katika milima ya Mahale iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua sana miti ya dawa ya kwao, walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Sokwe huyo alikuwa mgonjwa na mlegevu, tena si mwenye hamu ya chakula kama kawaida yake. Wakamwona akiuendea mti ambao Watongwe huuita mjonso, nao ndio huu huu mululuza. Akavunja tawi changa, akalimenya gamba, akayaacha majani, kisha akautafuna moyo wa tawi, akanyonya maji yake na kuyatema makapi. Kalunde hakushangaa, maana Watongwe huutumia mti huo kwa maumivu ya tumbo. Baada ya muda usiozidi siku moja hivi sokwe alikuwa amerudia nguvu zake. Miaka michache baadaye watafiti hao walimwona sokwe mwingine mgonjwa akifanya vivyo hivyo, na safari hii walipata kukipima kinyesi chake: mayai ya aina moja ya minyoo yalikuwa 130 katika gramu moja, na baada ya saa 20 yakawa 15.

Watu wengi husimulia habari hiyo ili kuusifu mti. Lililo kubwa zaidi ndani yake ni namna sokwe alivyoutumia. Gamba alilitupa. Majani aliyaacha. Wataalamu wa kemia kutoka Japani walipoupasua mti huo katika maabara walikuta kwamba majani na gamba vina kwa wingi kemikali moja yenye sumu, iitwayo vernodalini, ambayo katika moyo wa tawi ni kidogo tu. Na katika moyo huo zimo kemikali nyingine zenye kuwasumbua wadudu wa tumboni. Basi mnyama wa mwituni alichagua sehemu, na binadamu wa kambini huchuma majani yote kwa konzi! Hata hivyo kesi ya majani haikuishia hapo. Kule Kameruni na Nigeria majani ya mti huu ni mboga, tena mboga ya karamu, ila huoshwa na kukamuliwa mara nyingi, au kuchemshwa na maji kumwagwa, mpaka uchungu mwingi uwe umetoka. Mti ni mmoja, lakini moyo wa tawi lililomenywa, jani lililooshwa mara tano na jani bichi lililofikichwa ni vitu vitatu, na kila kimoja chadai kupimwa peke yake. Anayesema "mululuza imethibitishwa" amesema neno ambalo halina maana mpaka aseme sehemu gani, imetengenezwaje na kiasi gani.

Hivyo ndivyo ilivyo hatua ya kwanza ya kazi ya maabara, nayo haina uhusiano na chupa wala panya. Ni jina. Tawi lenye majani na, ikiwezekana, maua, hubanwa baina ya karatasi, hukaushwa, hupewa namba na kuwekwa katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, ili kesho mtu mwingine aweze kuhakikisha kwamba mmea uliopimwa ndio huo. Kambini hatua hii ina maana kubwa kuliko mahali pengine, kwa kuwa jina moja katika lugha ya Lango laweza kuwa la mmea mwingine kabisa katika lugha ya Ankole, na watu hao wawili hugawana ukuta mmoja.

Baadaye dawa hutolewa katika mmea. Hapa msomaji wa magazeti na awe macho. Watafiti wengine huloweka majani katika spiriti kali, ambayo huzitoa kemikali ambazo maji ya sufuria hayawezi kuzitoa. Kisha huidondosha dawa hiyo katika kisahani chenye vijidudu, na vijidudu vikifa hutangazwa kwamba jani fulani "linaua vijidudu vya kuhara". Kisahani hakina tumbo. Siki huua vijidudu kisahanini, na maji ya klorini ya kusafishia choo huviua upesi zaidi, wala hakuna mama awezaye kumnywesha mwanawe maji hayo. Kufaulu kisahanini ni ruhusa ya kuendelea na safari.

Upande wa usalama hupimwa kwanza kwa wanyama wadogo. Panya hupewa dawa kwa kiasi kinachoongezwa, hutazamwa kwa siku 14 kuona kama watakufa au watalegea, na kisha wengine hupewa kiasi kidogo kila siku kwa majuma mengi. Mwisho huchinjwa na ini, figo na damu yao kuchunguzwa, kwa sababu humo ndimo yajifichamo madhara ambayo mzee hakuweza kuyaona. Ndipo wachache kati ya watu wenye afya huombwa kuijaribu dawa kwa hiari yao, na baada yao wagonjwa. Nchini Uganda kazi ya namna hii inayo makao yake Wandegeya, Kampala, katika taasisi ya utafiti wa dawa za asili iliyoanzishwa chini ya Wizara ya Afya mwanzoni mwa miaka ya 1960; na Tanzania iliunda kitengo chake Muhimbili mwaka 1974. Ni kazi ya miaka, na mara nyingi mwisho wake ni jibu la "haifai", ambalo nalo ni jibu lenye thamani, ijapokuwa halimfurahishi mtu.

Umuhimu wa kuchungulia ini waonekana katika habari ya Afrika ya Kusini. Miongoni mwa Wazulu uko mmea ambao jina lake, impila, latokana na neno lenye maana ya afya. Mizizi yake imetumika kwa maumivu ya tumbo na minyoo, na vizazi vya waganga viliiona kuwa njema. Katika miaka ya 1970 madaktari walizichunguza maiti za watu waliokufa ghafla, watoto wengi wakiwamo, ini na figo vikiwa vimeharibika kabisa, wakagundua kwamba chanzo kilikuwa mzizi huo. Ndani yake mna sumu iitwayo atraktilosidi, ambayo huzima nguvu za chembe za mwili na kuangusha sukari ya damu. Wengi walioinywa hawakufa. Waliopona walisimulia, na waliokufa walihesabiwa kuwa wameuawa na ugonjwa au na uchawi. Hivyo jina jema likaendelea.

Mshubiri wetu hauna ukali kama huo, lakini nao haukosi jambo. Maji ya manjano yatokayo chini ya ganda la jani huendesha kwa nguvu, na ndiyo sababu hupewa aliyefunga choo. Marekani iliviondoa vidonge vya kuendesha vya mshubiri katika maduka mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Mama mwenye mimba hapaswi kuyagusa maji hayo. Na mtu ayanywaye kila juma "kusafisha tumbo" hulizoeza tumbo lake uvivu, likawa halifanyi kazi pasipo kusukumwa.

Askari wana sababu yao ya pekee ya kuyajua haya, kwani kuhara kumeua watu vitani kuliko wanavyodhani waimbao nyimbo za ushujaa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa Afrika Mashariki, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, walikufa kwa maelfu, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Wakati huo huo kulikuwapo dawa ya mmea iliyokuwa ikiheshimiwa kote duniani. Mzizi wa ipekakuana, ambao Wazungu waliujua kutoka Brazili, uliuzwa Ufaransa kama siri tangu miaka ya 1680, na mfalme Louis XIV aliinunua siri hiyo. Mwaka 1817 kemikali yake, emetini, ilitengwa. Na mwaka 1912 daktari Leonard Rogers huko Calcutta alionyesha kwamba sindano ya emetini huponya kuhara damu kunakoletwa na amiba.

Dawa hiyo ilifanya kazi kweli. Walakini ilikuwa na makosa mawili ambayo kipimo peke yake ndicho kiliyafichua. Kwanza, emetini huudhoofisha moyo, hata wagonjwa waliochomwa walilazimishwa kulala kitandani na mapigo yao kuangaliwa. Pili, si kila kuhara damu ni kwa amiba. Mwaka 1915, huko Gallipoli, askari wengi wa Uingereza na wenzao waliohara damu walipewa emetini kwa kudhaniwa kwamba wana amiba, ilhali wengi wao walikuwa na bakteria, ambao emetini haiwafanyi lo lote. Dawa njema iliyopewa ugonjwa usiokuwa wake huwa mzigo tu juu ya moyo wa mgonjwa. Ni hadubini iliyoonyesha tofauti, wala si ujuzi wa daktari aliyetazama choo kwa macho. Katika miaka ya 1960 emetini iliachia nafasi yake metronidazoli, ambayo kambini hujulikana zaidi kwa jina la Flagyl, na ambayo nayo humezwa ovyo siku hizi kwa kila tumbo liumalo, kosa lile lile katika karatasi mpya.

Kwa watoto hesabu ni nyingine kabisa, na haina muda wa kungoja maabara. Mtoto aharaye huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini kabla kijidudu hakijamaliza kazi yake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani mwa India na kipindupindu kikawafuata. Maji ya kutia mishipani yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi vilivyopimwa. Katika kambi hiyo watu waliokuwa wakifa karibu 30 katika kila 100 wakawa chini ya 4. Hicho nacho kilikuwa kitu cha jikoni, hakikutoka kiwandani. Ila kilikuwa kimepimwa kabla yake Dhaka na Calcutta, na kijiko chake kinajulikana: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa ukingo wa kisu, na nusu ya kijiko cha chai ya chumvi. Chumvi ikizidi, maji hayo yenyewe huwa hatari. Tangu mwaka 2004 mashirika ya afya ya dunia yameongeza madini ya zinki, kwa siku 10 hadi 14, ambayo hutolewa zahanati.

Kikombe cha mululuza huingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mtoto aliyekwisha legea hupewa kitu kichungu, hutapika, hupoteza maji zaidi, kisha hukataa kikombe cho chote kinachoelekezwa kinywani mwake, hata kile chenye sukari na chumvi. Usiku umepita. Asubuhi mama yupo katika benchi la zahanati ya kambi, na mazungumzo ambayo wauguzi wameyasikia mara nyingi huanza upya.

"Mama, mtoto amepewa dawa gani nyumbani?"

"Hakuna, sista."

"Hata maji ya majani?"

Mama huitazama sakafu. "Maji ya majani si dawa, sista. Ni mululuza tu."

Hakudanganya. Katika akili yake dawa ni kile kinachotoka katika kopo lenye maandishi, na jani ni jani. Pia anaogopa kukaripiwa, na hofu hiyo ina msingi, kwani wapo wahudumu wa afya wanaomfokea mama mbele ya foleni nzima kwa sababu ya majani. Na mama aliyefokewa mara moja hatasema tena mara ya pili. Hasara ya kufoka huko ni kubwa kuliko ya majani yenyewe. Mtoto aliyekunywa kitu chenye kuendesha, kisha akaandikiwa dawa pasipo tabibu kujua, anatibiwa gizani. Tena habari za madhara ya dawa za majani haziwezi kukusanywa Wandegeya wala popote pengine ikiwa hazikuandikwa katika kadi za zahanati. Na zisipokusanywa, jirani atauchuma mti ule ule kesho.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 juu ya tiba za asili na tiba za ziada iliweka msingi wa kuwasajili waganga na kuwasimamia, na dawa za chupa ziuzwazo madukani husimamiwa na Mamlaka ya Dawa ya Taifa. Chupa isiyo na namba ya usajili, iuzwayo na mtu apitaye lango la kambi siku ya mshahara, akiahidi kuponya vidonda vya tumbo, kisukari na deni, haistahili kuingia nyumbani, hata kama muuzaji amemtaja afande fulani aliyepona. Vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria waliogunduliwa mwaka 1982, nao hupimwa na kutibiwa. Mwenye navyo akitapika damu au akitoa choo cheusi kama lami, ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile.

Mama aendaye zahanati na mtoto aliyekunywa majani hana haja ya kujua jina la mmea kwa Kilatini. Na avunje tawi moja, lenye majani na ua kama lipo, alikunje katika karatasi ya gazeti, alitie katika kikapu pamoja na kadi ya mtoto. Muuguzi ataandika jina ambalo mama huliita, sehemu iliyotumika, ni vikombe vingapi, na saa ngapi mtoto alikunywa. Macho yakiwa yamezama, akilia pasipo machozi, akiwa hajakojoa tangu jana, au choo kikiwa na damu, tawi na liachwe mtini. Mtoto achukuliwe kwanza, akinyonyeshwa na kunyweshwa maji ya sukari na chumvi njia nzima.